Mgeni, Mkimbizi na Bahari: Ziara ya Msomaji Katika Kijiji cha Skala Sykamnias

Utangulizi

Miongoni mwa vipengele vya fani ambavyo mwanafunzi wa fasihi hufunzwa tangu shule ya upili, mandhari huenda ndicho kinachopuuzwa zaidi. Tunapotakiwa katika mtihani tueleze mandhari ya riwaya fulani, tunataja mahali na wakati, tunaongeza neno moja au mawili kuhusu hali ya maisha, kisha tunakimbilia wahusika na maudhui, kwenye alama nyingi. Mwandishi wa makala haya alikuwa miongoni mwa wafanyao hivyo, hadi alipopata fursa ya kuzuru kijiji kimoja kidogo cha wavuvi nchini Ugiriki, akiwa na mkobani riwaya iliyoandikwa juu ya kijiji hicho hicho.

Kijiji chenyewe kinaitwa Skala Sykamnias, na kiko katika pwani ya kaskazini ya kisiwa cha Lesbos. Riwaya ni ile ya Stratis Myrivilis iitwayo I Panagia i Gorgona, yaani Bikira Maria Nguva, iliyochapishwa mwaka 1949. Makala haya yanakusudia kueleza mambo manne: mahali penyewe na maana ya jina lake, riwaya iliyokipa kijiji hiki umaarufu, matukio mawili ya kihistoria yaliyopitia ufuoni hapo, na hatimaye neno moja ambalo Kigiriki na Kiswahili vinalitumia kwa namna inayofanana sana. Hoja yetu ni kwamba mandhari ni kumbukumbu ya watu waliopita mahali, na kwamba kijiji kikimya chaweza kuwa kimebeba kumbukumbu nzito kuliko mji wenye kelele. Pale ninapoeleza niliyoyaona kwa macho yangu, nitatumia nafsi ya kwanza.

Mahali na Jina

Lesbos ni kisiwa cha tatu kwa ukubwa nchini Ugiriki, baada ya Krete na Euboea. Eneo lake ni takriban kilomita za mraba 1,630, na kiko kaskazini mashariki mwa Bahari ya Aegean, karibu mno na pwani ya Uturuki. Wasomi wa ushairi wanakijua kisiwa hiki kwa sababu ndicho alikotoka Sappho, malenga wa kike aliyeishi zaidi ya miaka 2,500 iliyopita. Wenyeji wenyewe hujivunia zaidi mizeituni, ambayo idadi yake hukadiriwa kuwa milioni kumi na moja.

Msafiri atokaye Athens huenda kwenye bandari ya Piraeus, akaabiri meli jioni na kulala baharini, na asubuhi akajikuta Mytilene, mji mkuu wa kisiwa. Kutoka hapo barabara inaelekea kaskazini katikati ya mashamba ya mizeituni, inapita mji mdogo wa Mantamados, kisha inapanda mabega ya mlima Lepetymnos, wenye kimo cha mita 968. Huko juu kuna kijiji cha Sykamnia, chenye nyumba za mawe zilizobanana mlimani. Kutoka Sykamnia barabara inateremka kwa kona baada ya kona hadi ufuoni, na hapo ndipo Skala Sykamnias ilipo.

Kwa nini kuna vijiji viwili, cha juu na cha chini, vyenye jina moja? Jibu liko katika historia ya Aegean. Kwa karne nyingi bahari hiyo ilisumbuliwa na maharamia. Watu walijenga makazi yao mlimani, mbali na macho ya maharamia, wakaacha ufuoni mahali pa kutia mashua tu. Mahali hapo paliitwa skala. Neno hili lina maana ya ngazi, na vilevile lina maana ya mahali pa kushukia chomboni. Kisiwa kizima kina majina ya namna hii: Skala Eresou ni ya Eresos, Skala Kallonis ni ya Kalloni. Kwa lugha yetu, mtu wa pwani angesema diko. Kwa hiyo Skala Sykamnias ni diko la Sykamnia, na maharamia walipokoma, diko likageuka kuwa kijiji.

Jina Sykamnia nalo linatokana na mti. Ni mforosadi, ule mti wenye majani ambayo hulishwa viwavi wa hariri. Hapa mwanafunzi wa tafsiri ana jambo la kutafakari. Katika Injili ya Luka 17:6, ambapo Yesu anazungumzia mti unaoweza kuamriwa ung'oke na kupandwa baharini, matini ya Kigiriki hutumia neno sykaminos. Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili waliuita mkuyu. Uamuzi huo unaeleweka, kwa kuwa msomaji wa Afrika Mashariki anaujua mkuyu vyema na wengi wetu hatujauona mforosadi. Hata hivyo, aliyekaa Skala Sykamnias chini ya mforosadi mkubwa uliosimama hatua chache kutoka majini huiona taswira ile kwa namna nyingine kabisa.

Kijiji Chenyewe

Nilifika mwezi wa Oktoba, wakati watalii wengi wamekwisha kwenda zao. Nilikuwa Athens kwa ajili ya warsha ya tafsiri, na siku nne zilizosalia kabla ya kurejea Nairobi nilizitumia kwa safari hii.

Kijiji chaweza kuzungukwa kwa miguu kwa muda wa dakika kumi. Kuna bandari ndogo iliyozungushiwa ukuta wa mawe, na ndani yake mashua za wavuvi zilizopakwa rangi ya buluu, nyeupe na nyekundu. Kuna mikahawa kadhaa iliyopanga meza ukingoni mwa maji. Pweza wametundikwa kwenye kamba wakauke, kama vile mtu angeweza kuwaona wakianikwa katika vijiji vingi vya pwani yetu. Nyavu za rangi ya manjano zimerundikwa gatini, na paka wamelala juu yake. Mforosadi niliokwisha kuutaja unazifunika kwa kivuli meza za mkahawa mmoja, na husimuliwa kijijini kuwa Myrivilis alipenda kukaa hapo akiandika.

Mwishoni mwa gati kuna mwamba, na juu ya mwamba kuna kanisa dogo jeupe. Ndilo kanisa la Panagia Gorgona. Ukisimama mlangoni pake na kutazama kaskazini, unaiona Uturuki. Si ukungu wa mbali. Ni milima yenye mikunjo inayohesabika, umbali wa kilomita kumi hivi. Usiku unaona taa za magari zikitembea ng'ambo. Jambo hili la ukaribu halimkai msomaji akilini mpaka alione, nalo ndilo ufunguo wa yote yanayofuata.

Riwaya na Nguva Wake

Jina halisi la Stratis Myrivilis lilikuwa Efstratios Stamatopoulos. Alizaliwa mwaka 1890 huko Sykamnia, kijiji cha juu, wakati Lesbos ingali chini ya Dola la Uthmaniya. Kisiwa kiliingia mikononi mwa Ugiriki mwaka 1912. Myrivilis alipigana katika Vita vya Balkani, katika Vita Vikuu vya Kwanza na katika kampeni ya Ugiriki huko Asia Ndogo, kisha akawa mwanahabari mjini Mytilene. Riwaya yake ya vita, I Zoi en Tafo, yaani Maisha Kaburini, ndiyo iliyompa jina. Alichaguliwa kuwa mwanachama wa Akademia ya Athens mwaka 1958, akafariki mwaka 1969.

I Panagia i Gorgona inasimulia maisha ya wavuvi wa Skala na wakimbizi waliofika hapo kutoka Asia Ndogo. Mvuvi mmoja anamkuta mtoto mchanga wa kike ndani ya mashua yake. Mtoto ana macho ya kijani, na hakuna ajuaye alikotoka. Anapewa jina Smaragdi, na jinsi anavyokua ndivyo watu wanavyozidi kunong'ona kuwa huenda ni binti wa nguva. Aidha, kanisani mna picha ya ajabu iliyochorwa na nahodha mmoja aliyepita kijijini: Bikira Maria mwenye mkia wa samaki, mkono mmoja ameshika chombo cha baharini na mwingine ameshika mkuki wenye ncha tatu, silaha ya Poseidon, mungu wa bahari wa Wagiriki wa kale.

Mwanafunzi wa Kiswahili hatakosa kutambua vitu viwili vya nyumbani hapa. Kwanza ni jina la msichana. Smaragdi linatokana na smaragdos, neno la Kigiriki la kito cha kijani. Neno hilo hilo liliingia katika lugha za Mashariki ya Kati, Waarabu wakalitamka zumurrud, nasi tukalipokea kutoka kwao kama zumaridi. Kwa hiyo mhusika mkuu wa riwaya hii angeitwa Zumaridi kwa Kiswahili bila mfasiri kubuni chochote.

Pili ni nguva. Neno gorgona katika Kigiriki cha leo ni nguva wa masimulizi, nusu mtu na nusu samaki. Mabaharia wa Kigiriki husimulia kuwa nguva huyo ni dada yake Aleksanda Mkuu. Huibuka kando ya chombo na kumuuliza nahodha kama mfalme Aleksanda yu hai. Nahodha mwerevu hujibu kuwa yu hai na anatawala, na bahari ikatulia. Akisema kuwa amekufa, nguva huingiwa na ghadhabu na chombo huzama. Katika pwani yetu nguva ni mnyama halisi wa baharini, lakini naye ana masimulizi yake midomoni mwa wavuvi. Watu wanaoishi kwa bahari, popote walipo, huipa bahari uso wa kike, na huo uso hupenda kuulizwa maswali na kuuliza pia.

Mwaka 1922: Waliovuka Mara ya Kwanza

Riwaya haieleweki bila kujua yaliyotukia mwaka 1922. Kwa karne nyingi jamii za Wakristo wa Kiorthodoksi, wengi wao wakisema Kigiriki, ziliishi katika pwani ya Asia Ndogo, nchi ambayo leo ni Uturuki. Jeshi la Ugiriki liliposhindwa katika vita vyake na Waturuki, na mji wa Smyrna, ambao sasa ni Izmir, ulipoteketea mwezi wa Septemba 1922, watu hawa walikimbilia visiwani kwa chombo chochote walichokipata. Mwezi wa Januari 1923, mjini Lausanne, Ugiriki na Uturuki zilitia saini mkataba wa kubadilishana watu. Takriban Wakristo milioni 1.2 walihesabiwa kuwa wa Ugiriki, na Waislamu wapatao laki nne wakahamishiwa Uturuki. Kigezo kilikuwa dini. Hakuna aliyeulizwa anataka kuishi wapi, wala anasema lugha gani.

Lesbos, kwa kuwa iko jirani, ilipokea wengi, na Skala Sykamnias ilikuwa miongoni mwa sehemu hizo. Wakimbizi walifika wakaikuta jamii maskini ya wavuvi, yenye samaki haba na ardhi haba zaidi. Wenyeji hawakuwapokea wote kwa vigelegele. Walisema lugha moja na kusali sala zile zile, lakini bado waliitwa wageni. Hapa ndipo nguvu ya Myrivilis ilipo. Hasimulii vita, anasimulia watu waliokaa ufuoni wakiiona nchi yao kwa macho, kilomita kumi tu, wasiweze kurudi.

Mwaka 2015: Waliovuka Mara ya Pili

Miaka 93 baadaye, ufuo ule ule ulipokea watu tena. Mwaka 2015 zaidi ya watu 850,000 waliingia Ugiriki kwa njia ya bahari, na takriban nusu milioni kati yao walitua Lesbos. Wengi walitoka Syria, Afghanistan na Iraki. Pwani ya kaskazini, kutoka Molyvos hadi Skala Sykamnias, ndiyo iliyokuwa karibu zaidi, na mashua za mpira zilifika mchana na usiku. Wengine hawakufika. Milimani karibu na Molyvos palirundikwa maelfu ya jaketi za kuokolea maisha.

Mwezi wa Oktoba mwaka huo ilipigwa picha iliyozunguka dunia nzima. Mabibi watatu wa Skala Sykamnias wameketi kwenye benchi, mmoja amempakata mtoto mchanga wa mkimbizi na kumnywesha maziwa kwa chupa. Mabibi hao walikuwa mabinti wa wakimbizi wa mwaka 1922. Mmoja wao, pamoja na mvuvi wa kijiji hicho aliyekuwa akiwaokoa watu baharini, walipendekezwa kwa ajili ya Tuzo ya Amani ya Nobel ya mwaka 2016. Tuzo ilimwendea rais wa Kolombia, na mabibi wakaendelea kukaa kwenye benchi lao.

Tusipambe mambo kupita kiasi. Mwezi wa Machi 2016 Umoja wa Ulaya na Uturuki zilikubaliana kuwazuia wavukaji, na wengi wakajikuta wamekwama kisiwani katika kambi ya Moria, ambayo ilisongamana hadi ilipoteketea mwezi wa Septemba 2020. Uchovu na hasira viliongezeka miongoni mwa wenyeji. Ukarimu wa ufuoni ni jambo la kweli, na mchoko wa wenyeji ni wa kweli vilevile.

Waafrika nao walikuwemo Moria, na Wakongomani walikuwa miongoni mwa makundi makubwa. Hapa historia ina kejeli yake. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, Wagiriki wengi wa visiwa vya Aegean walikimbia njaa na utawala wa majeshi yaliyoikalia nchi yao. Walivukia Uturuki, wakapelekwa Mashariki ya Kati, na baadhi yao wakapewa hifadhi katika Kongo ya Kibelgiji. Nchi ambayo leo Kiswahili ni mojawapo ya lugha zake nne za taifa iliwahi kuwapokea wakimbizi wa Kigiriki.

Xenos na Mgeni

Siku yangu ya pili nilimkuta mzee akishona nyavu gatini. Nilimsalimu kwa maneno matatu ya Kigiriki niliyoyajua, naye akanijibu kwa Kiingereza kichache. Aliniuliza nimetoka wapi. Nikamwambia Kenya. Akanitazama kidogo, kisha akauliza kama nilikuja kwa mashua, huku akinyoosha sindano yake ya nyavu kuelekea Uturuki.

Nilielewa alichokiuliza. Nikamjibu kuwa nilikuja kwa meli ya Piraeus na kwamba nilikuwa mwanafunzi. Alitikisa kichwa, akanisogezea kiti kwa mguu, akaendelea kushona. Sikuona dharau katika swali lake wala sikuona dharau katika kiti. Hata hivyo, usiku sikulala upesi. Nilikumbuka karatasi nilizotoa ili nipate viza: barua ya mwaliko, taarifa za benki, tiketi ya kurudi. Karatasi hizo ndizo zilizonifanya mzuru. Mtu wa rangi yangu na umri wangu asiyekuwa nazo, akisimama pale pale niliposimama, angekuwa na jina jingine.

Kigiriki kina neno xenos. Maana yake ni mtu asiyejulikana, mtu wa nchi nyingine, na papo hapo ni mtu anayekaribishwa nyumbani. Kiswahili nacho kina mgeni, lenye maana hizo hizo. Lugha nyingi hutenganisha maana hizi kwa maneno mawili. Lugha zetu hizi mbili za pwani zimeziacha pamoja, huenda kwa sababu watu wa pwani hawajui chombo kinachokuja kimebeba nini mpaka kifunge gati. Methali zetu zinabeba uzito huo huo. Tunasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Tunasema pia mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ya kwanza inafungua mlango na ya pili inaweka masharti. Wakimbizi wa 1922 walipewa jembe lao, ambalo pale lilikuwa wavu, na wajukuu wao ndio wenyeji wa leo. Wa 2015 wengi hawakuruhusiwa hata kulishika jembe, walisubiri karatasi.

Funzo kwa Msomaji wa Mandhari

Ziara hii inatuonyesha nini kuhusu dhana tuliyoanza nayo? Kwanza, mandhari ya I Panagia i Gorgona hayapo katika bandari, mforosadi na kanisa pekee. Yamo pia katika umbali wa kilomita kumi unaoonekana kwa macho, umbali unaowafanya wahusika wasiweze kusahau. Ramani ingeweza kutuambia umbali huo, lakini uzito wake hatungeupima.

Pili, mandhari huendelea kuandikwa baada ya mtunzi kuweka kalamu chini. Myrivilis alikufa mwaka 1969. Msomaji wa leo hawezi kusoma kuhusu mtoto aliyeokotwa ndani ya mashua bila kumkumbuka mtoto wa mwaka 2015 aliyenyweshwa maziwa kwenye benchi.

Tatu, msomaji mwenyewe ana mahali pake katika mandhari. Swali la mzee wa nyavu liliniondoa katika nafasi ya mtazamaji. Tunapochambua kazi zetu zinazohusu Lamu, Mombasa au Unguja, yafaa nasi tujiulize: huyu anayefika katika diko hili, wenyeji wangemwita nani?

Hitimisho

Makala haya yameeleza kijiji kimoja kidogo, jina lake, riwaya yake na mawimbi mawili ya watu waliotua ufuoni pake. Atakayebahatika kukizuru atakikuta kimya. Atakula samaki, atasikia kengele ya kanisa, ataona paka juu ya nyavu, na huenda akasema kuwa hapa hakujatokea kitu. Na asogee mlangoni pa kanisa jeupe, atazame ng'ambo.

Waswahili husema aendaye tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mimi nilirejea nikiwa na tiketi yangu. Nilipoondoka, mzee alikuwa bado anashona, na kile kiti kilikuwa bado mahali pale, kitupu, kimeelekezwa baharini.